Wodi Moja Tu

Mjukuu wangu alipewa kibanda cha mwisho kabisa, pale ambapo zulia la ukumbi lilikuwa limekwisha ikabaki saruji tupu, karibu na mlango wa vyoo. Hakulalamika. Alitandaza kitambaa cheupe juu ya meza, akakinyoosha mikunjo kwa viganja, akaniambia, "Usijali, Bibi. Hata wakubwa huenda chooni."

"Wakienda watakuwa na haraka," alisema Mrefu. "Tuwavizie wakitoka."

Mrefu ni mwenzake wa kazi, kijana mwembamba ambaye mlango wa karakana yao humlazimisha kuinama kila anapoingia. Mjukuu wangu mwenyewe, msichana, tunamwita Waya tangu utoto, kwa sababu redio ikiharibika hakuna aliyeruhusiwa kuitupa mpaka yeye aifungue kwanza. Asubuhi ile walikuwa wamebeba nguzo ya kutundikia dripu, mfuko wa maji, visanduku vyao, na mimi juu yake.

Lilikuwa kongamano la mahospitali. Kila mwaka wakubwa wa hospitali hukutana hapo kuzungumza, na wale wanaowauzia mashine, kompyuta na programu hupanga bidhaa zao kwenye ukumbi wa pili. Kampuni kubwa hulipia zaidi, zikaitwa wadhamini, na mdhamini hupewa saa yake ya kuhutubia jukwaani. Wadogo hupewa meza.

Mimi nilikuja kwa sababu kifaa chenyewe kilianzia mkononi mwangu. Nililazwa, nikatundikiwa dripu, nikapitiwa na usingizi. Mfuko ukaisha, damu ikaanza kupanda kwenye mpira. Nesi alikuwa mmoja kwa wodi nzima, naye yuko upande wa pili akihangaika na mgonjwa aliyezidiwa. Waya, aliyekuja kunitazama, ndiye aliyeona. Nesi alipofika mbio alinishika mkono akaniomba radhi kama vile mimi ndiye niliyemzaa, na macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. Waya hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Dada, unajuaje mfuko wa nani umekaribia kuisha?"

"Sijui," nesi alijibu. "Nazunguka tu."

Jibu hilo halikumtoka mjukuu wangu kichwani. Yeye na Mrefu walikaa na vyuma vyao mpaka wakapata kisanduku kidogo kinachoning'inia kati ya nguzo na mfuko, kikipima uzito wake. Mfuko ukikaribia kuisha, kengele inalia mezani kwa nesi na namba ya kitanda inawaka. Basi, hakuna zaidi. Manesi waliokiona walikipenda, lakini nesi hawezi kumfungia mgonjwa kitu kwa mapenzi yake. Lazima hospitali ikubali kukijaribu.

"Sitaki waninunulie leo," Waya alikuwa akisema. "Nataka wodi moja tu. Wakikiona kinafanya kazi, mengine yatakuja yenyewe."

Na ilikuwa lazima wodi hiyo ipatikane hapo. Mrefu alikuwa ameitwa kwenye kazi ya kutengeneza lifti katika mji wa mbali. Alimwambia mwenzake bila kuficha kwamba kongamano likiisha mikono mitupu, ataondoka, maana kwao wote wanamtazama yeye. Na Waya peke yake karakana haiwezi.

Tumaini lao lilikuwa kwa mtu mmoja, mkuu wa ununuzi wa hospitali kadhaa zilizo chini ya uongozi mmoja. Waya alimtumia ujumbe, naye akajibu kwa neno moja: Nitapita. Neno hilo nilionyeshwa kwenye simu asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikalizoea kama uso wa jirani.

Siku ya kwanza watu walitujia kwa wingi hata nikaona nilikuwa na wasiwasi wa bure. Walipanga mstari. Kila mmoja alikuwa na kadi mkononi yenye vyumba vidogo vidogo.

"Karibu mama," Waya alimwambia wa kwanza, uso unang'aa. "Hiki ni kifaa cha—"

"Gonga hapa kwanza, mwanangu."

"Nigonge nini?"

"Muhuri. Kwani hamkupewa muhuri?"

Walikuwa wamepewa, uko ndani ya bahasha, na hawakujua ni wa nini. Kumbe waandaaji walikuwa wameweka utaratibu wa kuwavuta wageni wapite kwenye vibanda: ukikusanya mihuri ya vibanda vyote, kadi yako inaingia kwenye bahati nasibu, na mshindi anaondoka na friji. Friji yenyewe ilikuwa pale mlangoni, imefungwa utepe, watu wanapiga nayo picha.

Waya akagonga. Yule mama akashukuru, akaenda zake. Nyuma yake alikuwa kijana aliyeshika kadi nyingi kama mcheza karata, yake na za wakubwa wake waliokuwa wamekaa kwenye chai.

"Kaka, subiri nikuonyeshe, haichukui muda."

"Dada yangu, nimebakiza wewe na yule wa wino hapo jirani. Nigongee, Mungu atakulipa."

Mrefu akaniinamia sikioni. "Bibi, tungeleta friji, kengele tukaiacha nyumbani."

Mimi nilicheka. Waya hakucheka. Kila aliyefika alimweleza upya kama vile ndiye wa kwanza, na wengi alimalizia kuieleza migongo yao. Kufika mchana sauti ilikuwa imemkauka.

Wapo waliosikiliza, nisiseme uongo. Nesi mmoja wa makamo, raba zake nyeupe zimelika visigino, alikuja bila kadi yoyote. Waya akafungulia maji yakapungua kwenye mfuko, kengele ikalia.

"Rudia," alisema nesi.

Waya akarudia.

"Mkileta hiki kwetu, miguu yangu itapona."

"Kwenu anayeamua ni nani, dada?"

"Siyo mimi, mdogo wangu. Mimi hata glavu naomba kwa barua." Akapekua mkoba wake, akatoa pipi za kifua, akampa Waya pakiti nzima. "Nyonya. Sauti yako inaniumiza mimi."

Wakati huo nilikuwa nimekalia sanduku la betri, maana tulipewa meza bila kiti. Ndipo alipokuja Kijana wa Tai. Alikuwa meneja mauzo wa kampuni iliyodhamini karibu kila kitu pale: jina la kampuni liko kwenye mikoba, kwenye chupa za maji, hata kwenye leso za karatasi. Wenzake wote walivaa fulana za bluu, yeye tu ndiye aliyefunga tai. Alikuwa akielekea chooni, akaniona, akasimama.

"Shikamoo mama. Kwa nini unakalia sanduku?"

"Marahaba baba. Linanitosha."

Hakubishana nami. Alirudi kwao, akaja amebeba kiti chenye mto, akapiga goti kuhakikisha mguu mmoja hauchezi kwenye saruji. Kisha akageuza feni ya ukutani inielekee. Wapita njia walikuwa wengi siku ile, na ni yeye peke yake aliyeona sina pa kukaa. Nilimwombea dua moyoni.

Baadaye alirudi kunitazama, na hapo ndipo alipoikazia macho kengele. Aliuliza maswali ya mtu anayejua kazi: betri inakaa muda gani, mgonjwa akijigeuza inakuwaje. Waya alijibu huku amesimama wima kama yuko mbele ya mwalimu.

"Hapa mlipo hamuonekani," Kijana wa Tai alisema mwishoni. "Kesho baada ya chai ni saa yetu jukwaani. Bosi wangu atahutubia, dakika za mwisho nitakupa wewe na kifaa chako. Wakubwa wote nimewawekea viti vya mbele. Mkuu wa ununuzi pia."

Waya alinitazama, macho yanang'aa. Kijana wa Tai alipoondoka, Mrefu alikuna kichwa.

"Anapata nini, huyu?"

"Si kila mtu lazima apate kitu," Waya alisema. "Ameona kizuri, anasaidia."

"Yule mzee alisema atapita. Hakusema atakaa kitini."

"Atapita hapa chooni, au atakuwa mbele yangu na kipaza sauti mkononi? Kipi bora?"

Mrefu alinyanyua mikono, akaachia hapo.

Kesho yake baada ya chai wakaondoka wote wawili na nguzo ya dripu, kwa sababu nyaya zile zinataka mtu wa pili. Waya aliniachia kisanduku kimoja na mfuko mdogo, akanifundisha tena pa kubonyeza. "Akija mtu mwambie tunarudi, Bibi. Lakini hatakuja mtu, wote watakuwa ndani."

Kibanda jirani kilikuwa cha mama mmoja anayeuza wino wa mashine za kuchapia. Amekula chumvi nyingi kwenye makongamano, na alikuwa akinigawia karanga. Dakika chache baada ya spika za ukumbini kuanza kuunguruma, niliona watu wa namna nyingine wanaingia upande wetu. Walitembea taratibu, mikono nyuma, suti nzuri, na hawakushika kadi.

"Hawa nao ni akina nani?" nilimwuliza.

"Ndio wenyewe, mama. Wenye kusema nunua." Alikuwa ameshasimama, anapangusa makopo yake. "Saa ya mdhamini ndiyo saa yao ya kutembea. Hotuba za mdhamini wanazijua, ni tangazo refu. Humo ndani wamebaki wapiga picha na wanafunzi. Wajukuu zako wameenda wapi?"

"Wako humo ndani."

Aliweka kopo chini, akasema, "Wapigie simu."

Nilipiga. Simu ya Waya ilikuwa imezimwa, na ya Mrefu vilevile, adabu ya jukwaani. Niliwaza kwenda mwenyewe, lakini kwa magoti yangu haya ningefika wakati watu wanaondoka, na meza ningemwachia nani? Nilikuwa bado nashauriana na nafsi yangu alipokuja bwana mmoja mnene, mvi zimemwota kichwa kizima, anachechemea kwa viatu vipya. Akainamia kibao cha meza yetu, akakisoma.

"Hawa ndio walioniandikia. Nilisema nitapita, nimepita."

Nilimpa kiti changu chenye mto. Alikataa, nikamshikilia, akakaa huku akishukuru, akachomoa kisigino kimoja kiatuni kwa siri. Nilitundika mfuko, nikabonyeza pale nilipofundishwa, nikafungulia maji. Kengele haikulia. Nilikuwa nimesahau swichi. Hakunicheka, aliniambia, "Polepole mama, hatufukuzwi." Nilipoiwasha ikalia, akatabasamu kwa macho, akaniomba nimweleze ilivyoanza. Nilimweleza ya mkono wangu, ya damu kwenye mpira, ya yule nesi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakutazama simu.

"Ni kitu kizuri," alisema. "Wenyewe wako wapi?"

"Wako jukwaani, baba. Wamekaribishwa na wale wa fulana za bluu."

"Aa. Kumbe wako na wale." Nikaona mabega yake yameshuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Hilo ndilo lililokuwa likinitatiza, mama. Vijana wawili na karakana. Kikiharibika asubuhi, nani atakuja? Wale wana magari, wana mafundi kila mahali."

"Hawako nao," nilisema upesi. "Wamealikwa tu kuonyesha. Kengele ni yao wenyewe."

"Ndivyo wote wanavyoanza." Alirudisha kisigino ndani ya kiatu, akainuka, akanipapasa bega kwa upole. "Usiwe na wasiwasi, mama. Nitaongea nao hukohuko."

"Baba, wasubiri kidogo, wanarudi sasa hivi."

Lakini alikuwa ameshaanza kuchechemea kurudi kwenye zulia.

Waya na Mrefu walirudi wakati watu wameanza kwenda kula. Mrefu alikuwa amebeba nguzo begani kama jembe. Waya aliketi juu ya sanduku la betri.

"Ilikuwaje, mwanangu?"

"Bosi wao alihutubia," alisema. "Akahutubia. Nilipopewa kipaza sauti, wahudumu walikuwa wanafungua milango ya chakula. Nimesema jina langu na habari za mchana."

"Na habari za mchana waliitikia," alisema Mrefu. "Wapiga picha wana adabu."

"Viti vya mbele vilikuwa na karatasi za majina," Waya aliendelea, kama hakumsikia. "La kwake niliona. Kiti hakikukaliwa."

Nilimwambia. Sikujua namna ya kulizungusha, kwa hiyo nilimwambia moja kwa moja: alikuwa hapa, amekaa kwenye kiti hiki, amekipenda, na anadhani ninyi ni wa fulana za bluu. Nimemkatalia, hakunielewa. Waya aliinuka kabla sijamaliza. Alikwenda nusu anakimbia, Mrefu nyuma yake, nami nikajikokota nikishika meza za watu.

Kibanda cha fulana za bluu kilikuwa kama sebule, na makochi na maua. Mkuu wa ununuzi amezama kwenye kochi, na Kijana wa Tai anammiminia juisi.

"Huyo hapo," alisema Kijana wa Tai, akainuka na kumshika Waya bega. "Ndiye binti niliyekuwa nakueleza, mzee. Vijana wetu hawa, vichwa kwelikweli."

"Hongera, binti," alisema mkuu wa ununuzi. "Bibi yako amenionyesha vizuri. Nimewaambia wenzako, wodi moja nitawapa. Mwezi ujao waje kufunga."

"Waje nani?" Waya aliuliza.

"Kampuni yenu. Au siyo?"

Ilikuwa inahitajika sentensi moja. Hapana mzee, kifaa ni chao, sisi tumewakaribisha tu. Nilimgeukia Kijana wa Tai nikaingoja, na sikuwa na shaka kwamba ataisema, mtu aliyepiga goti kwenye saruji kwa ajili ya kiti changu. Uso wake haukuwa na ubaya wowote. Alimtazama Waya kama mtu aliyekushikia mlango, anangoja upite.

"Mzee, juisi inapata joto," alisema.

Mjukuu wangu angesema kweli, yule mzee angesimama na viatu vyake vinavyombana, akaenda kutafuta kitu kingine chenye magari na mafundi. Alilijua hilo kuliko mimi. Na manesi wangeendelea kuzunguka.

"Asante, mzee," alisema. "Tutakuja."

Tulipogeuka Mrefu hakuwepo. Tulimkuta kibandani, anakunja miguu ya meza.

"Wodi tumeipata," Waya alimwambia.

"Wameipata wao. Wewe umeitikia."

"Ulitaka nimwambie nini? Kwamba tuko wawili na baiskeli?"

"Ndiyo. Si ndivyo tulivyo?"

"Angeondoka."

"Angeondoka, ndiyo."

"Na wewe ungeondoka."

Mrefu alikunja kile kitambaa cheupe, kona kwa kona, akanikabidhi kwa mikono miwili. Mama wa wino alikuwa amesikia yote. "Mwakani utakuwa kwenye zulia, mwanangu," alimwambia Waya, na nadhani alimaanisha kumfariji.

Mrefu alikwenda kwenye lifti zake. Alikuja kwanza kuniaga, akanikazia bawaba ya dirisha la jikoni iliyokuwa imelegea, hakukaa kunywa chai. Waya aliandikwa kazi kwenye ile kampuni ya fulana za bluu, kwa maneno mazuri, na visanduku vya wodi vikawa vya kwao. Kijana wa Tai alipiga simu yeye mwenyewe kuniuliza magoti yanaendeleaje. Alinitumia na matunda. Kabla hajakata alimwomba Waya jambo moja dogo: stika za karakana zilizo kwenye visanduku, zenye namba ya simu ya Waya, zitolewe, ili nesi akipata tatizo apige ofisini kwao.

Jumapili mchana tulikaa jikoni na beseni la maji ya moto na visanduku vyote mezani. Waya alikuwa amezibandika stika zile kwa gundi ya mafundi ili zisibanduke, na kweli hazikubanduka. Nilikwangua kwa kucha, yeye kwa kisu cha siagi.

"Mtu mwema yule kijana," nilisema. Lilinitoka kwa mazoea, macho yangu yako kwenye matunda.

"Mwema sana," Waya alisema, akaendelea kukwangua.

Nilifika kwenye kimoja ambacho karatasi ilitoka, lakini namba ilibaki imejichora kwenye gundi, yote, inasomeka. Nilikiloweka, nikakisugua kwa chumvi, nikakiloweka tena. Aliponiona nahangaika alinitoa kisanduku mkononi taratibu, akakiweka pamoja na vingine.

"Acha hicho, Bibi. Watabandika yao juu."